Shauri la Wasiokuwapo Barazani

Wasomaji wetu, somo la juma hili lahusu watu ambao ni shida kuwahesabu mkutanoni, kwa sababu hawafiki.

Tuchukue kata moja iwe mfano wetu: Ihanda, wilayani Mbozi, katika mkoa wa Songwe uliokatwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Wilaya hiyo ni nchi ya kahawa na mahindi, na katika barabara yake kuu malori ya mizigo hupita mchana na usiku yakielekea mpakani Tunduma. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, wazee hufika, vijana hufika, na akina mama hufika wakiwa na watoto migongoni. Mwenyekiti huwatazama, huona wanatosha, akafungua kikao.

Lakini yuko mama mmoja ambaye hakufika. Mwanawe wa miaka kumi na miwili hawezi kuvumilia sauti za watu wengi. Huziba masikio, hulia, kisha hukimbia. Mama akimwacha peke yake nyumbani, aweza kutoka na kuifuata barabara. Akimleta mkutanoni, watu humtazama na kunong'onezana. Kwa hiyo mama hukaa nyumbani. Mkutano hushauriana juu ya darasa, zahanati na maji, huandika muhtasari, na neno lake halimo.

Hatumtaji mtu wala hatukisemi kijiji kimoja. Kila msomaji na awaze kijiji chake. Hatakosa kumkumbuka mama wa namna hiyo.

USONJI NI NINI

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana katika maisha ya mtu. Mwenye usonji huzipokea sauti, mianga, miguso na maneno kwa namna isiyo kama ya wengi. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema vizuri, lakini huona shida kuelewa mzaha, kutazamana uso kwa uso, au kuzoea badiliko la ghafula. Wengi hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule kila siku. Wako wenye haja ya msaada katika kula, kuvaa na kuoga, na wako wanaosoma hadi vyuo vikuu na kufanya kazi.

Usonji si uchawi, wala si laana ya ukoo, wala hauambukizi. Hautokani na malezi mabaya. Hata chanjo hazina hatia hapa, ingawa uvumi huo ulienea duniani kwa miaka mingi.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji. Tufanye hesabu kidogo. Kijiji chenye watu 3,000 chaweza kuwa na watu kama 23 au 24 wenye usonji. Kata yenye watu 12,700 yaweza kuwa na watu 100. Hayo ni makadirio ya dunia nzima, wala hatudai kwamba kila kata italingana nayo kamili. Hata hivyo, yatosha kutuonyesha kwamba jambo hili si la nyumba moja. Tukiwaona wawili tu, yatupasa kuuliza wengine wako wapi. Huenda wameitwa bubu, au watukutu, au wamerogwa; na huenda wamo ndani ya nyumba ambazo mlango wake haufunguliwi mgeni akipita.

KOSA LA WATAALAMU WA ZAMANI

Kwa nini tusiwaachie waganga na maofisa peke yao kazi ya kupanga msaada? Historia ya usonji yatujibu vema.

Katika miaka ya 1920 daktari mmoja wa Kirusi, Grunya Sukhareva, aliandika habari za watoto aliowachunguza waliokuwa na dalili hizo. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11, na tangu hapo jina la usonji likajulikana sana. Lakini palitokea kosa kubwa. Wataalamu kadhaa walifundisha kwamba mtoto hupata hali hiyo kwa sababu mama yake ni baridi wa moyo, hampendi. Maelfu ya akina mama walibeba lawama hiyo juu ya mzigo waliokuwa nao tayari.

Nani aliyelipinga fundisho hilo? Mwaka 1964 Bernard Rimland, mtaalamu wa elimu ya nafsi ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alitoa kitabu akionyesha kwamba chanzo ni cha mwili, hakimo katika pendo la mama. Kule London, wazazi walikuwa wamekwisha kuunda chama chao mwaka 1962. Miongoni mwao alikuwamo daktari Lorna Wing, ambaye binti yake alikuwa na usonji, na uchunguzi wake ulisaidia baadaye kuwafahamisha madaktari kwamba hali hii ina sura nyingi.

Kwetu Afrika ya Mashariki mambo yalikwenda vivyo hivyo. Huko Addis Ababa, mwaka 2002, mama mmoja Mhabeshi, Zemi Yenus, ambaye mwanawe alikuwa na usonji, alifungua kituo cha watoto wa namna hiyo. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 2021. Mjini Nairobi wazazi waliungana, na mwaka 2003 kitengo cha watoto wenye usonji kikaanzishwa katika shule ya msingi ya City. Hapa kwetu Tanzania, shule ya Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam ni mojawapo ya zile zenye kitengo cha namna hiyo. Lakini kutoka Mbozi hadi huko ni safari ya karibu kilomita 900, na si kila mzazi awezaye kumhamisha mtoto.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hao waliolala juu ya kitanda hicho ndio waliowaonyesha wataalamu kunguni walipo.

SHERIA YASEMAJE

Wengine watadhani tunaomba hisani. La, twazungumza juu ya haki iliyokwisha kuandikwa.

Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 146, yaeleza kwamba serikali za mitaa zipo ili madaraka yawafikie wananchi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, waagiza katika ibara ya 4 kwamba serikali ishauriane na watu wenye ulemavu, pamoja na watoto, katika mambo yanayowahusu. Kisha ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo yaziwekea serikali za mitaa wajibu wa kulinda haki na ustawi wa watu hao, na yataka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa hadi mkoa.

Tena iko fedha. Tangu mwaka 2018 sheria yaziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa kwa utaratibu mpya mwaka 2024.

Basi nyumba ya sheria imekwisha kujengwa. Swali letu ni nani aliyeketi ndani yake. Wasioona wana chama chao tangu zamani, na viziwi wana chao. Wenye usonji nao wana chama cha taifa, lakini matawi ya vijijini ni haba. Kamati ya kijiji ikichaguliwa, mara nyingi huchaguliwa yule ambaye ulemavu wake unaonekana kwa macho na aliye hodari wa kusema. Hatumwonei wivu, kiti chake ni haki yake. Ila hawezi kujua mambo ya usonji kwa sababu tu naye ana ulemavu.

Matunda ya kutouliza ni haya: halmashauri yenye nia njema hununua viti vya magurudumu na fimbo nyeupe, ikaandika katika taarifa kwamba watu wenye ulemavu wamesaidiwa. Kiti cha magurudumu ni kitu chema mno. Lakini hakimfai kijana mwenye miguu yenye nguvu, ambaye taabu yake ni kwamba kengele ya shule humchoma masikio kama sindano.

"LAKINI HASEMI"

Hapa twasikia msomaji akiuliza: "Mtu asiyesema atatoa shauri gani?" Ni swali la haki, na lastahili jibu la haki.

Kwanza, wako wenye usonji wengi wanaosema, nao huachwa vile vile. Kijana aliyemaliza shule, ambaye watu humwona wa ajabu kidogo, aweza kueleza vizuri kuliko ofisa yeyote kilichomtesa darasani na kilichomsaidia. Huenda hawezi kusimama mbele ya watu mia mbili. Basi na aulizwe akiwa na mtu mmoja anayemwamini, mahali pa kimya, naye apewe maswali siku chache mbele. Kama aona vyema kuandika, aandike.

Pili, hata asiyetamka neno husema. Wahenga wetu walijua kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtoto aonyeshwe picha mbili, achague. Aongozane na mlezi wake hadi zahanati, na mjumbe wa kamati awafuate polepole akitazama: anasimama wapi? Anageuka wapi? Anatulia wapi? Huenda ikaonekana kwamba huogopa mlango ulio karibu na mashine ya kusaga, naye huingia bila taabu kwa mlango wa nyuma. Hilo ni shauri, tena ni shauri lililotolewa na mwenyewe. Liandikwe katika muhtasari kama yalivyoandikwa ya wengine.

MLEZI NA MWENYE USONJI

Hapa pana jambo lingine la kuangaliwa sana. Sauti ya mlezi na sauti ya mwenye usonji ni sauti mbili.

Mlezi ana mengi ya kusema ambayo ni yake mwenyewe. Amekosa usingizi. Ameacha kulima sehemu ya shamba kwa kuwa hana wa kumwachia mtoto. Wako walezi ambao humfunga mtoto kamba waendapo shambani. Jambo hilo latuumiza, wala hatulihalalishi. Lakini tukumbuke kwamba mara nyingi mkono unaofunga kamba hiyo watetemeka kwa hofu ya barabara na mto. Lawama peke yake haimfungui mtoto. Atafunguliwa siku patakapokuwa na jirani wa kumshika kwa zamu, au darasa la kumpokea. Na juu ya yote liko swali ambalo walezi wote hujiuliza usiku: "Nikifa, nani atamtunza?" Halmashauri ambayo haijalisikia swali hilo haijaanza kupanga.

Mwenye usonji naye ana yake. Mwaka 1993, katika mkutano uliofanyika Toronto, Kanada, Jim Sinclair, mtu mzima mwenye usonji, aliwaambia wazazi wasiwaombolezee watoto wao kana kwamba wamekufa. Tangu siku hizo watu wazima wenye usonji wameendelea kusema wenyewe. Nyakati nyingine husema lisilopatana na la wazazi: mzazi huomba mtoto afundishwe kukaa kimya bila kutikisa mikono, naye mtoto akikua hueleza kwamba kutikisa mikono ndiko kulikomtuliza. Wote wawili wasikilizwe. Mahali wanapotofautiana, kamati isikimbilie kumfuata mlezi kwa sababu tu ndiye anayesema kwa urahisi.

Katika Uingereza ilipitishwa mwaka 2009 sheria ya usonji, na baada yake katika sehemu nyingi za nchi hiyo viliundwa vikao ambamo wenye usonji, walezi na maofisa wa halmashauri huketi meza moja. Hatuna haja ya kuiga kila kitu cha wenzetu, kwani mifuko yetu hailingani. Lakini kuketi meza moja hakuhitaji mfuko mkubwa. Baraza ni desturi yetu ya kale.

YATUPASA KUFANYA NINI

Tutoe sasa mashauri ambayo kijiji chochote, Ihanda au kwingineko, chaweza kuyafanya.

Kwanza, tujue kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mipango hupangwa miezi mingi kabla. Vijiji hutoa mapendekezo yao, yakapelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha yakafika kwa madiwani katika miezi ya mwanzo wa mwaka. Mzazi apelekaye ombi lake mwezi wa Juni atakuta mlango umefungwa. Aende mapema, mvua za kwanza zinapoanza kunyesha.

Pili, wahesabiwe kwa heshima. Mwenyekiti wa kitongoji ajua nyumba zake. Mhudumu wa afya ajua zake. Waende pamoja, na waombe ruhusa kabla ya kuandika jina. Familia isitangazwe barabarani. Hali kadhalika jumuiya zetu ndogo ndogo, ambazo hukutana nyumba kwa nyumba, zaweza kupeleka habari kwa yule ambaye hasomi tangazo lililobandikwa ofisini.

Tatu, mkutano umfuate asiyeweza kuufuata. Wajumbe wawili wa kamati wafike nyumbani saa ambayo mlezi ana nafasi. Au siku ya mkutano achaguliwe mtu anayejulikana na mtoto, amshike karibu na hapo, ili mama apate kusema hata kwa dakika kumi.

Nne, kiti kiwe kiti kweli. Katika kamati ya watu wenye ulemavu awemo mwenye usonji, na awemo mlezi. Wapewe ajenda kabla. Wasiitwe siku ya wageni peke yake, wapigwe picha, kisha wasahauliwe hadi tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, irudi tena.

Tano, warudishiwe jibu. Mtu akitoa shauri na asisikie lolote mwaka mzima, mwaka wa pili hatafungua mlango. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Basi katika mkutano huo isomwe: hili limekubaliwa, hili limekataliwa, na sababu ni hii.

Tena tusiogope kwamba tukiuliza tutaombwa majumba. Mengi yatakayoombwa hayagharimu shilingi: mgonjwa mwenye usonji asikalishwe foleni ndefu yenye kelele, mtoto akae kiti kile kile na mwalimu yule yule, kengele ipigwe mbali na dirisha lake, mgambo na polisi wajue kwamba kijana asiyejibu anapoitwa huenda si mkaidi wala si mlevi. Mengine yana gharama, lakini yana njia: halmashauri yaweza kumpeleka mwalimu mmoja kusomea elimu maalumu katika chuo cha Patandi, mkoani Arusha, na Ofisa Ustawi wa Jamii na Ofisa Maendeleo ya Jamii waulizwe waziwazi jinsi familia hizi zinavyoweza kuifikia ile asilimia 2. Shirika la Afya Duniani nalo limetayarisha mafunzo ya walezi ambayo huweza kuendeshwa na watu wasio madaktari wakiisha kufundishwa.

NENO LA MWISHO

Twajua kwamba maofisa wetu wana kazi nyingi na fedha kidogo. Ndiyo maana twasema waulize kabla ya kutumia. Shilingi iliyotumika kwa kitu kisichohitajiwa imepotea mara mbili: imetoka mfukoni, na haja imebaki pale pale.

Nasi tusio maofisa tusijitoe lawamani. Yule mama alikaa nyumbani kwa sababu ya macho yetu. Siku atakapokuja na mwanawe, na mtoto akapiga kelele katikati ya hotuba, na mwenyekiti akanyamaza kidogo kisha akaendelea bila mtu kugeuza shingo, siku hiyo mkutano wa kijiji utakuwa umeanza kuwa wa kijiji chote.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika kitongoji chetu, ni nyumba zipi ambazo watu wake hawafiki mikutanoni kwa sababu wana mtu wa kulindwa? Nani kati yetu aweza kwenda kukaa naye saa moja?

2. Je, kijiji chetu kina kamati ya watu wenye ulemavu? Wajumbe wake ni akina nani, na mara ya mwisho walikutana lini?

3. Tunatumia majina gani tunapowataja watu wenye usonji mbele ya watoto wetu? Ni yapi yatupasa kuyaacha?

4. Tukipewa nafasi ya kumwuliza diwani wetu swali moja juu ya jambo hili kabla ya bajeti ijayo, tutauliza nini?